Usisome Simu ya Mteja
Mhadhara kuhusu kujenga rilei baina ya minyororo miwili



Naanza dukani. Mama mmoja anauza mchele kwa jumla. Kijana amechukua magunia manne, amesema amelipa kwa simu, na sasa ananyoosha mkono kumwonyesha mama kioo: ujumbe upo, jina la mpokeaji ni la mama mwenyewe, kiasi ni sahihi, hata namba ya muamala inaonekana. Mama hautazami. "Subiri mwanangu, simu yangu haijalia." Kijana anakasirika, ana haraka, gari linamsubiri nje. Mama anafungua menyu kwenye simu yake, anaingiza namba ya siri, anauliza salio. Salio halijaongezeka. Magunia yanarudi ndani.

Kila mwenye duka kati ya Mombasa na Mbeya anaujua mchezo ule. Mama hakusomea kriptografia, lakini anashika kanuni ambayo wahandisi wenye mishahara minono waliivunja, na watu wakapoteza mamia ya mamilioni ya dola: ushahidi wa malipo hausomwi kwenye simu ya anayelipa. Unasomwa mahali ambapo yeye hana mkono wa kuandika.

Leo nataka kuzungumzia mahali hapo, pale ambapo anayelipa na anayelipwa wako kwenye blokucheni mbili tofauti. Kifaa chake kinaitwa rilei. Nitawaeleza kinavyofanya kazi, namna ya kukijenga kwenye kompyuta yako mwenyewe bila kutumia senti ya mtu, na kwa nini, baada ya kukijenga, kazi yako ya kwanza ni kukidanganya.

Kwa wanaolisikia neno hili leo: blokucheni ni daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi zisizoaminiana. Miamala inafungwa kwenye kurasa ziitwazo bloku, na kila bloku inabeba heshi ya ile iliyoitangulia, ndiyo maana tunaiita pia mnyororo. Heshi ni alama ya baiti 32 inayotokana na kuisaga data yoyote kwa kanuni moja. Ukibadilisha nukta moja ndani ya data, alama yote inageuka. Kwa hiyo anayetaka kufuta mstari kwenye ukurasa wa zamani analazimika kuandika upya kurasa zote zilizofuata.

Daftari hili lina ulemavu mmoja, na umewekwa kwa makusudi. Ni kiziwi. Kila nodi, yaani kila kompyuta inayolitunza, lazima irudie hesabu ileile na ipate jibu lilelile, iwe Nairobi au Toronto, iwe leo au miaka kumi ijayo. Mkataba mahiri, yaani programu inayoendeshwa ndani ya daftari lenyewe, ungeruhusiwa kuuliza habari za nje, nodi moja ingejibiwa hivi na nyingine vile, na daftari lingepasuka vipande. Ndiyo maana blokucheni ya Ethereum haijui kama ile ya Bitcoin ipo. Unaweza kulipa bitcoin kumi hadharani, dunia nzima ikashuhudia, na mkataba ulioko Ethereum usiwe na habari hata kidogo.

Basi mtu amelipa upande ule, anadai mali upande huu. Nani ampe mkataba habari?

Jibu jepesi ni kuteua watu. Tunachagua waangalizi kadhaa, tunawapa funguo, tunakubaliana kwamba wengi wao wakisaini kuwa fedha zimeingia kule, huku zitatolewa. Madaraja mengi ya kuunganisha minyororo yamejengwa hivyo, na daraja la Ronin lilikuwa mojawapo. Ronin ni mnyororo wa kampuni ya Sky Mavis, uliojengwa kwa ajili ya mchezo wa Axie Infinity. Daraja lake kwenda Ethereum lilikuwa na wathibitishaji 9, na saini 5 zilitosha kufungua ghala. Nne kati yake zilikuwa mikononi mwa Sky Mavis yenyewe. Novemba 2021, mzigo wa miamala ulipozidi, Axie DAO, jumuiya ya mchezo huo iliyoshika ufunguo mwingine, iliiruhusu kampuni hiyo kusaini kwa niaba yake. Mwezi uliofuata mpango ule ulisimama, ila ruhusa haikufutwa. Tarehe 23 Machi 2022, wezi waliokwisha kuingia kwenye mitambo ya kampuni wakazitumia zile saini nne, na kwa mlango ule uliosahauliwa wakaipata ya tano. Waliondoka na sarafu za kidijitali, ETH 173,600 na USDC milioni 25.5, zaidi ya dola milioni 600 kwa bei ya siku zile. FBI ya Marekani baadaye ilisema ni kazi ya kundi la Lazarus la Korea Kaskazini.

Kinachoniuma zaidi ni zile siku sita. Wizi ulifanyika tarehe 23, ukajulikana tarehe 29, tena kwa sababu mtumiaji mmoja alijaribu kutoa ETH 5,000 akashindwa. Siku sita ghala tupu, na mlango unafunguliwa na kufungwa kama kawaida. Hakuna hesabu iliyovunjwa pale. Saini zote tano zilikuwa halali. Ethereum ilifanya kile ilichoagizwa: ilisoma simu ya mteja, ikatoa magunia.

Njia ya pili ilikuwepo tangu mwanzo kabisa. Satoshi Nakamoto, mbunifu wa Bitcoin, katika waraka wake wa 2008, sehemu ya nane, alieleza namna mtu asiye na uwezo wa kutunza daftari zima la Bitcoin anavyoweza kuhakiki malipo yake. Hahitaji kila ukurasa. Anahitaji vichwa vya kurasa tu.

Kichwa cha bloku ya Bitcoin kina baiti 80, si zaidi. Nimekichapa kile cha kwanza kabisa, cha tarehe 3 Januari 2009, kwenye karatasi hii. Ni herufi na tarakimu 160, mistari miwili na nusu. Baiti 4 za mwanzo ni toleo. Zinafuata 32 za heshi ya bloku iliyotangulia, hapa sifuri tupu kwa kuwa hakuna iliyotangulia. Kisha 32 za mzizi wa miamala, ambao nitaurudia. Kisha saa, baiti 4. Kiwango cha ugumu, 4. Na mwisho namba ya bahati ambayo mchimbaji, yaani anayeshindania kufunga bloku, aliitafuta mpaka akaipata, 4. Hapa ni 2083236893. Ukizisaga baiti hizi 80 kwa kanuni iitwayo SHA-256 mara mbili, unapata heshi inayoanza na sifuri kumi. Ugumu wa siku ile ulidai nane.

Tafakarini maana yake. Kukagua kichwa hiki kunachukua chini ya kufumba jicho. Kukitengeneza leo, kwa ugumu wa leo, kunataka mitambo iliyojaa maghala na umeme wa mji. Pengo hilo kati ya gharama ya kutengeneza na gharama ya kukagua ndilo rilei inasimamia. Mtu anaweza kukuletea kichwa cha uongo, lakini lazima kwanza alipe bili ya umeme ya ukweli.

Na vichwa vyenyewe ni vyepesi. Bloku moja kila dakika kumi, baiti 80, mwaka mzima ni megabaiti 4.2; ni hesabu ya waraka wenyewe. Vichwa vyote vya bloku 900,000 za kwanza ni megabaiti 72, pungufu ya video nyingi mnazotumiana kwenye makundi ya harusi.

Kichwa pekee hakisemi nani kamlipa nani. Hapo ndipo unaingia ule mzizi, na fikra ya Ralph Merkle, mwanakriptografia wa Marekani aliyeibuni mwishoni mwa miaka ya 1970. Chukua miamala yote ya bloku, isage kila mmoja upate heshi yake. Ziunganishe mbilimbili, saga tena. Matokeo yaunganishe mbilimbili, saga tena, mpaka ibaki heshi moja. Huo ndio mzizi wa mti huu, ulioandikwa kwenye kichwa. Sasa mtu akidai muamala wake umo kwenye bloku yenye miamala 2,000, hahitaji kukuletea yote. Anakuletea muamala wake na heshi 11 za majirani wa njiani, heshi zote pamoja baiti 352. Unasaga muamala, unaunganisha na jirani wa kwanza, unasaga, unaunganisha na wa pili, hivyo hivyo mpaka juu. Ukifika kwenye mzizi ulioandikwa kwenye kichwa, muamala umo. Usipofika, mlete kijana arudishe magunia.

Rilei, kwa hiyo, ni mkataba unaokaa kwenye mnyororo mmoja ukitunza vichwa vya mnyororo mwingine. Nimelichukua jina kutoka mbio za kupokezana vijiti. Kuna mkimbiaji, yaani programu inayochukua kichwa kipya huku na kukikabidhi kule, nami nitamwita mpelekaji. Uzuri wa mbio hizi ni kwamba mkimbiaji hahitaji kuaminiwa. Kijiti chenyewe kinapimwa kinapopokelewa.

Rilei ya kwanza iliyofahamika sana ya aina hii ni BTC Relay, iliyozinduliwa kwenye Ethereum Mei 2016, chini ya Joseph Chow wa kampuni ya ConsenSys. Iliwezekana kwa sababu Ethereum ilizaliwa na SHA-256 ndani yake tayari, kwa hiyo mkataba uliweza kukagua kazi ya wachimbaji wa Bitcoin kwa gharama ya kuvumilika. Jaribu kufanya hivyo kwa Litecoin au Dogecoin, zinazotumia kanuni ya scrypt inayokula kumbukumbu, na gharama inakushinda.

BTC Relay haikuvunjwa na mwizi yeyote. Ilikufa kwa njaa. Kila kichwa kinachopelekwa kinalipiwa ada ya Ethereum, na kwa siku ni vichwa 144. Mpango ulikuwa kwamba anayetumia vichwa hivyo kuthibitisha malipo atamlipa mpelekaji kitu kidogo. Watumiaji walikuwa wachache, ada ya Ethereum ikapanda, wapelekaji wakahesabu wakaona wanapata hasara, wakaacha. Mkataba ukabaki pale ukiwa na vichwa vya zamani. Ninalisisitiza jambo hili kwa wanafunzi wangu kwa sababu vitabu vingi vya somo hili vinazungumzia usalama tu. Mpelekaji hawezi kuongopa, lakini anaweza kunyamaza. Na ukimya si salama kama unavyoonekana: vichwa vya kweli visipoletwa, mwongo mwenye mitambo ya kutosha kuchimba vitano au sita vyake hana wa kushindana naye. Ukibuni rilei, swali la nani anabeba kijiti saa nane ya usiku, na anakula nini, ni swali la usalama.

Sasa tujenge.

Unahitaji kompyuta mpakato ya kawaida. Upande wa kushoto naendesha Bitcoin Core katika hali ya majaribio ya ndani, inayoitwa regtest. Humo hakuna mtandao wa dunia. Bloku inachimbwa kwa amri, papo hapo. Naiagiza nodi ichimbe bloku 101, kwa sababu zawadi ya mchimbaji haitumiki mpaka ikomae, na ile ya bloku ya kwanza inakuwa tayari hapo. Upande wa kulia naendesha Anvil, mnyororo wa Ethereum wa mezani. Katikati naweka skripti fupi, ndiye mpelekaji, inayouliza kila baada ya sekunde chache kama kuna kichwa kipya.

Mkataba wenyewe una kazi mbili. Ya kwanza ni kupokea kichwa. Je, kina baiti 80 kamili? Je, heshi ya bloku iliyotangulia ninayo? Je, heshi yake iko chini ya kiwango kinachodaiwa, na kiwango hicho ndicho kanuni inachotaka kwa wakati huu, au mpelekaji amejiandikia rahisi? Kisha najumlisha kazi ya tawi zima, kwa kuwa tawi linaloshika ukweli ni lenye kazi nyingi zaidi, na mara kwa mara matawi mawili hushindana kwa muda. Kazi ya pili ni kupokea uthibitisho, yaani muamala na heshi za majirani, kupanda mti mpaka mzizi, na kuhakikisha kichwa hicho kimefunikwa na vingine vya kutosha juu yake. Desturi ya Bitcoin ni sita, kikihesabiwa na chenyewe.

Kuna kitu kimoja ambacho mkataba hauwezi kukikagua: kichwa cha kuanzia. Ni wewe unayekipanda. Rilei nyingi hazianzii 2009, zinaanzia kwenye kichwa cha karibuni ili kuokoa gharama, na kila atakayeitumia anaamini kwamba ulipanda kichwa cha kweli. Kiandike wazi, mtu yeyote aweze kukilinganisha na nodi yake.

Nilipokuwa nikijenga yangu kwa mara ya kwanza nilikwama jioni nzima kwenye mpangilio wa baiti. Heshi ya bloku ya kwanza ya Bitcoin, jinsi inavyoonyeshwa kwa binadamu, inaanza na sifuri nyingi. Ndani ya data yenyewe imegeuzwa: inaanza na 6fe28c0a na sifuri ziko mkiani. Mkataba unataka ile ya ndani, skripti yangu ilikuwa inapeleka ile ya kuonyesha.

Hilo lilipokwisha likaja la pili, na lilinipotezea usiku mbili. Vichwa vilipokelewa vyote, lakini muamala wa kweli, nilioutuma mimi mwenyewe, ulikataliwa kila mara. Nilipanda mti kwa mkono kwenye karatasi, hatua kwa hatua. Kwa vile bloku ilikuwa na miamala miwili tu, mti wangu ulikuwa na ngazi moja, na bado haukufika kwenye mzizi. Kosa lilikuwa chini kabisa, kwenye muamala wenyewe. Tangu mabadiliko ya SegWit ya Agosti 2017, saini za miamala ya aina hiyo mpya zinakaa kando, na heshi inayoingia kwenye mzizi huo inasagwa bila saini hizo. Mimi nilikuwa nausaga muamala mzima kama nodi ilivyonipa. Nilipozing'oa baiti za saini nikasaga kilichobaki, mzizi ulitoka sawasawa, herufi kwa herufi. Ilikuwa karibu na adhana ya alfajiri. Nakumbuka nilisimama.

Watu wengi wanaishia hapo. Muamala wa kweli umekubaliwa, wanapongezana, wanapeleka kazini. Mimi nasema hapo hujathibitisha lolote, maana hata mkataba usiokagua chochote ungeukubali muamala wa kweli. Kifaa cha kutambua uongo kinapimwa kwa uongo.

Anza na uongo wa kitoto: geuza biti moja kwenye heshi ya jirani. Ukikubaliwa, rudi mwanzo. Kisha leta uthibitisho mtupu, usio na kitu ndani. Msiudharau huu. Agosti 2022 daraja la Nomad lilipoteza karibu dola milioni 190 kwa sababu ya utupu. Katika kusasisha mkataba wao, mzizi uliowekwa kuwa wa kuaminika ulikuwa sifuri, na kwa lugha ya Ethereum, ujumbe ambao haujawahi kuthibitishwa husomeka kuwa na mzizi wa sifuri. Hivyo kila ujumbe wa uongo ulionekana umekwisha kuthibitishwa. Habari ilipoenea, watu waliuchukua muamala wa mwizi wa kwanza, wakafuta anwani yake, wakaweka zao, wakatuma. Hawakuhitaji kujua kuandika programu.

Kisha tengeneza tawi lililotelekezwa. Kwenye regtest ni rahisi: lipa, chimba bloku kadhaa juu ya malipo hayo, chukua uthibitisho wako uuhifadhi. Sasa iamuru nodi iione bloku ile kuwa batili kwa amri ya invalidateblock, na uchimbe tawi jingine refu zaidi lisilo na malipo hayo, ukitumia anwani nyingine ya zawadi ili bloku zisifanane. Malipo yametoweka kwenye historia. Peleka vichwa vya tawi jipya, kisha peleka ule uthibitisho wa zamani. Hesabu ya mti ni sahihi kabisa, mzizi unalingana na kichwa, na kichwa kimo kwenye kumbukumbu ya mkataba.

Mkataba wangu uliukubali.

Nilikuwa nimekagua kwamba kichwa kinajulikana na kina bloku sita juu yake. Sikukagua kwamba kimo kwenye tawi linaloshinda sasa hivi. Mstari mmoja wa programu. Ungekuwa mkataba wenye fedha za watu, mtu angelipa, angeondoa malipo yake, na angechukua mali. Tangu usiku ule simwamini mtu anayeniambia rilei yake inafanya kazi mpaka anionyeshe orodha ya uongo ilioukataa.

Uongo mwingine ni wa kitaalamu zaidi, nao nauona mzuri kwa namna ya kutisha. Ndani ya mti wa Merkle, heshi mbili zilizounganishwa ni baiti 64. Je, akitokea mtu akaunda muamala wenye baiti 64 kamili? Mkataba hauwezi kujua kama unachokitazama ni jani, yaani muamala, au tawi lenye heshi mbili, na mjanja anaweza kuning'iniza muamala wa uongo chini ya jani la kweli kama kwamba mti unaendelea. Dawa yake ni kudai uthibitisho wa muamala wa kwanza wa bloku hiyohiyo, ule wa zawadi ya mchimbaji, na kuhakikisha njia zote mbili zina urefu sawa. Mti wa bloku moja una kina kimoja. Anayeleta njia ndefu kuliko ya jirani yake anaongopa. Na Oktoba 2022 ilionyesha kwamba kosa kwenye ukaguzi wa uthibitisho si jambo la darasani tu: mtu alitengeneza uthibitisho wa kughushi uliokubaliwa na daraja la mnyororo wa BNB, akajiandikia BNB milioni 2 ambazo hazikuwepo.

Hata rilei iliyopita majaribio yote haya ina mipaka, na lazima niiseme. Kichwa kinathibitisha kwamba kazi imefanyika. Hakithibitishi kwamba miamala iliyomo imefuata sheria. Tarehe 4 Julai 2015 mtandao wa Bitcoin uligeukia kanuni mpya ya saini, na baadhi ya wachimbaji wakubwa walikuwa wakijenga juu ya vichwa bila kukagua bloku zenyewe. Bloku moja batili ilitokea, wakajenga juu yake, na tawi batili likafika bloku sita. Nodi kamili zilizosasishwa zililikataa mara moja. Kila aliyekuwa akisoma vichwa tu alilifuata. Rilei yetu ingelifuata pia. Kwa hiyo "sita" si namba takatifu. Kwa malipo ya chai subiri moja, kwa malipo ya nyumba subiri mia.

Na regtest ina udhaifu wake: humo nusu ya heshi zote zinakubalika, na ugumu haubadiliki kamwe. Kwenye Bitcoin ya kweli ugumu hurekebishwa kila baada ya bloku 2,016, na hauruhusiwi kupanda au kushuka zaidi ya mara nne kwa mpigo. Sehemu hiyo ya mkataba wako haitaguswa hata mara moja na majaribio ya mezani. Chukua basi vichwa vya kweli vya vipindi viwili, 4,032, ni kama kilobaiti 323 tu, uvipitishe kwenye mkataba mfululizo. Kisha katikati yake badilisha kiwango cha ugumu cha kichwa kimoja, uone kama mkataba utashtuka.

Upande wa kurudi, Bitcoin kukagua Ethereum, ni habari nyingine, kwa kuwa lugha ya Bitcoin haitoshi kubeba mkataba wa namna hii. Minyororo mingine inaweza kuikagua Ethereum kupitia kamati ya wathibitishaji 512 iliyoanzishwa Oktoba 2021, inayobadilishwa takriban kila saa 27. Mtandao wa Cosmos nao tangu 2021 una itifaki ya IBC, ambamo kila mnyororo unatunza nodi nyepesi ya mwenzake. Hayo yanataka jioni yake.

Mtu ataniuliza hili linatuhusu nini sisi. Mwaka 2014 makampuni ya simu Tanzania yalianza kufungua njia za kutumiana fedha kutoka mtandao hadi mtandao. Waliketi mezani, wakakubaliana, Benki Kuu ikiwa juu yao. Fedha zikipotea njiani, kuna ofisi ya kwenda na kuna karatasi ya kuonyesha. Baina ya Bitcoin na Ethereum hakuna ofisi. Vijana wetu wanaandika mikataba ya kuunganisha minyororo, wengine wananakili daraja la mtu bila kulifungua ndani, na fedha zitakazopita humo ni za mama muuza mchele na wenziwe. Anawaamini kwa sababu mnajua asichokijua. Yeye kwake anakagua salio mwenyewe. Mkimwondolea nafasi hiyo, mkague nyinyi kwa niaba yake, kwa ukali uleule.

Kompyuta yangu ipo hapo mezani na minyororo yote miwili inaendeshwa. Rilei imekwisha kupokea vichwa 140, na ndani ya bloku ya 122 kuna malipo niliyoyafanya asubuhi. Kuna karatasi na kalamu pembeni. Atakayeweza kuufanya mkataba ukubali malipo ambayo hayakufanyika, aandike alivyofanya, hatua kwa hatua, na aniachie karatasi hiyo. Nitaanza kuirekebisha rilei usiku huu. Karibuni, anayeanza asogee.